Mbwa wangu anakula nyasi kama mbuzi. Ni mgonjwa?

Swali: "Daktari, habari ya kazi. Tuna mbwa anaitwa Bosco, ana miaka mitatu, hawa wetu wa kawaida. Tunaishi Kasarani kwenye ploti yenye kiuwanja cha nyasi. Kila asubuhi nikimfungulia anaenda moja kwa moja ukutani kula nyasi, na siku mbili tatu kwa wiki anatapika povu la njano. Baada ya hapo yuko sawa, anakimbiza paka. Jirani anasema ni minyoo. Soja anasema mbwa anajitibu, nimwache. Mume wangu anasema nimfunge. Bosco anakula saa kumi na mbili jioni, ugali na vichwa vya kuku au omena. Nifanye nini? Mama Kevo, Kasarani."

Mama Kevo, nianze na paka. Mbwa anayetapika halafu akaenda kukimbiza paka si mbwa wa kukimbizwa kliniki usiku wa manane. Kwa hivyo tuna nafasi ya kuongea polepole. Ila kuna neno moja kwenye swali lako, "ukutani", lililonifanya nisome barua yako mara ya pili. Nitalirudia.

Kula nyasi kwenyewe si ugonjwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha majibu ya wenye mbwa 1,571 kuhusu tabia hii. Asilimia 68 walisema mbwa wao hula majani kila siku au kila wiki, na mara nyingi majani yenyewe ni nyasi. Walioona mbwa akionyesha dalili za kuumwa mara kwa mara kabla ya kula walikuwa asilimia 8 tu. Waliosema hutapika mara kwa mara baada ya kula walikuwa asilimia 22. Watafiti haohao walikuwa wamewauliza kwanza wanafunzi 25 wa udaktari wa mifugo waliofuga mbwa. Wote 25 walisema mbwa wao hula nyasi, na hakuna hata mmoja aliyemwona wake akiumwa kabla ya kuzila.

Kwa hivyo soja wako, pamoja na heshima zote, amekosea kwa mbwa walio wengi. Mbwa hali nyasi ili atapike. Wengi huzila, zikashuka, zikatokea upande wa pili zikiwa kijani vilevile, kwa sababu tumbo la mbwa haliwezi kuzivunja. Tazama meno yake siku akipiga miayo. Ya nyuma yamechongoka kama mkasi wa kukatia nyama, hayana ule usagaji wa meno ya ng'ombe, na taya lake halizunguki. Anakata, anameza.

Pale soja alipogusa ukweli ni kwamba mbwa aliyekuwa tayari na kichefuchefu ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kutapika akishakula nyasi. Tumbo lilichafuka kwanza, nyasi zikafuata.

Sasa kwa nini mbwa mwenye afya ale kitu asichoweza kusaga? Jibu linalonishawishi zaidi ni kwamba ni urithi. Mbwa mwitu wa kijivu, wale wa Ulaya na Marekani ambao ni ndugu wa karibu wa mbwa wa nyumbani, hula nyasi pia, na watafiti huzikuta kwenye kinyesi chao. Kuna kisa cha karibu na kwetu kinachosaidia kuelewa. Sokwe wa milima ya Mahale, kule Tanzania kando ya Ziwa Tanganyika, humeza majani fulani yenye vinyweleo vikali bila kuyatafuna. Majani hayo hupita tumboni yakiwa mazima na kutoka na minyoo ya utumbo. Sokwe hajui neno minyoo, na hahitaji kulijua. Inadhaniwa kwamba mababu wa mbwa walikuwa na kawaida ya namna hiyo ya kusafisha utumbo, na kwamba Bosco amerithi hamu hata kama minyoo yenyewe hana. Ndiyo maana simkatalii jirani yako moja kwa moja, ila nasema amerukia mwisho wa hadithi. Kula nyasi hakuthibitishi minyoo, kama vile kunywa chai hakuthibitishi baridi.

Halafu kuna njaa. Watafiti wa Australia waliwachukua mbwa 12, wakawawekea nyasi kwa nyakati tofauti za siku. Kabla ya chakula walizila kwa bidii, na baada ya kushiba wakapunguza. Hili, Mama Kevo, ndilo linalotuleta kwa Bosco wako.

Hebu tuhesabu. Anakula saa kumi na mbili jioni. Unamfungulia, tuseme, saa moja asubuhi. Hizo ni saa kumi na tatu tumbo likisubiri. Tumbo tupu la mbwa haliko kavu. Nyongo hupanda kutoka kwenye utumbo mdogo, ikaingia tumboni na kulikwaruza. Mbwa anaamka na ule moto, anatafuta kitu cha kuweka tumboni, na kilicho karibu ni nyasi. Nyasi zinamtekenya koo na tumbo, anajikamua mara tatu nne mgongo ukiwa umepinda, na kinatoka kile unachokiona: povu la njano, laini kama yai lililopigwa, na ndani yake nyasi ndefu zilizokunjwa bila kutafunwa. Hakuna chakula, hakuna damu. Dakika tano baadaye paka anakiona cha moto. Mbwa wa namna hii naletewa mara nyingi, na wengi wao ni wa nyumba ambazo mbwa hupewa chakula mara moja tu, jioni, ili alinde usiku akiwa ameshiba.

Kwa hivyo dawa ya kwanza haiuzwi popote. Chukua chakula kilekile unachompa, usiongeze, ukigawe mara mbili: nusu asubuhi mapema na nusu jioni. Kutoka kwenye ile nusu ya jioni weka kando kipande cha ugali kama ngumi ya Kevo, umpe kabla hujalala. Asubuhi, mpe chakula kwanza, ndiyo umfungulie uwanjani. Fanya hivyo wiki mbili bila kuruka siku. Ikiwa ni nyongo ya tumbo tupu, povu litapungua ndani ya siku chache. Atabaki akila nyasi kidogo kwa kupenda, na hizo mwachie.

Kuhusu chakula chenyewe sina ugomvi mkubwa na ugali na omena, mradi omena ioshwe mchanga na isiwe na chumvi nyingi. Vichwa vya kuku vichemshe, halafu utoe mdomo na mifupa mikubwa. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, na huo hutapisha mbwa kuliko nyasi zozote. Usimmwagie mchuzi wenye vitunguu, maana vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Ongeza malenge yaliyochemshwa au karoti iliyokunwa, vijiko viwili vitatu, kwa ajili ya nyuzinyuzi. Kuna mbwa mmoja wa aina ya pudo (poodle) aliyeandikwa kwenye jarida la matibabu mwaka 2007: alikuwa amekula majani na kutapika kwa miaka saba, akabadilishiwa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, na tabia ikakoma ndani ya siku chache. Huyo ni mbwa mmoja, sitamfanya sheria, lakini malenge pale sokoni si ghali na hayamdhuru mbwa.

Nimalizane na jirani. Minyoo ipo Nairobi, tele, na Bosco apewe dawa kila miezi mitatu hata asipokula unyasi mmoja. Dawa ipimwe kwa uzito wa mbwa. Usinunue ile ya mbuzi ukakadiria kwa jicho. Hata hivyo kuna mnyoo mmoja wa kwetu ambao dawa ya kawaida ya kumeza haitoshi kumtoa, nao wenye mbwa wengi hawamjui. Unaitwa Spirocerca. Unaishi kwenye ukuta wa umio, ile njia ya chakula, na kutengeneza uvimbe humo. Mbwa huupata kwa kula mbawakawa wanaoviringisha kinyesi, au kuku na mijusi waliowala mbawakawa hao. Matumbo mabichi ya kuku wa kienyeji ni njia mojawapo, ndiyo maana nimesema uchemshe. Mbwa mwenye mnyoo huo hatapiki kama Bosco. Yeye hurudisha chakula kizima, bila kujikamua, mara tu baada ya kula, anameza kwa shida na kukonda. Ukiona hivyo, usingoje wiki mbili nilizosema.

Sasa tuje ukutani.

Umesema Bosco haendi katikati ya uwanja, anaenda ukutani. Huenda ni kwa sababu nyasi za hapo hazijakatwa na ni ndefu, laini. Mbwa hupenda zenye majani mapana na umande, na baada ya mvua za Machi hadi Mei hata wangu hunivuta kwenye kila ukingo wa barabara. Lakini kando ya ukuta ndipo pia magugu hupigwa dawa. Keyateka wa kawaida wa Nairobi, yule mtunza ploti, hana muda wa kung'oa kwa mkono. Ananunua chupa, anachanganya kwenye bomba la mgongoni, anapiga mstari wote wa ukuta na kona za maji taka, na wapangaji hawaambiwi. Dawa ikiwa mbichi kwenye jani, mbwa huila pamoja na jani. Zipo zitakazomtapisha na kumtoa mate siku moja tu. Ila chupa ikiwa imeandikwa paraquat, hiyo ni habari nyingine: huchoma kinywa na ulimi, baadaye huharibu mapafu, na haina kipoza sumu.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mbwa mkubwa mweusi kutoka ploti moja ya huku Eastlands, akitetemeka mwili mzima, joto likiwa juu ajabu, taya zimekazana. Mwenyewe aliapa kwamba mbwa alikuwa amekula nyasi tu, alimwona kwa macho yake. Na kweli alikula nyasi. Tulipomwosha tumbo zilitoka nyasi, na katikati ya nyasi vipande vidogo vya rangi ya samawati, kama chakula cha samaki wa kufugwa. Ilikuwa dawa ya konokono. Mtu alikuwa ameimwaga kwenye kijishamba cha sukuma wiki kando ya ukuta, juzi yake. Mbwa yule alipona baada ya siku mbili za dripu na dawa za kuzuia degedege. Tangu hapo, nikiambiwa "nyasi tu", huuliza zimeota wapi.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya malenge na mengine yote, mwendee keyateka. Usiende kwa ukali. Muulize amepiga dawa gani, lini, wapi, na umwombe akuonyeshe chupa, uipige picha lebo. Muulize na dawa ya panya. Ile ya kuzuia damu isigande haionyeshi chochote siku ya kwanza. Mbwa huanza kuvuja damu siku mbili hadi tano baadaye, na ukiwa na lebo mkononi daktari anajua mapema kwamba tiba yake ni vitamini K1.

Ukiwa hapo ukutani, tazama pia maua. Nairobi tunapenda kile kichaka cha Brunfelsia ambacho maua yake hufunguka zambarau, kesho yake yakafifia, keshokutwa meupe. Watu hukiita jana, leo na kesho. Ni kizuri na kina harufu tamu jioni, na matunda yake yanaweza kumtia mbwa degedege kali. Olianda, ile ya maua ya waridi na hata ile ya njano, hushambulia moyo. Mbegu za mbarika ni hatari zikitafunwa. Mbwa mzima mara nyingi huchagua nyasi na kuacha haya, ila mtoto wa mbwa anayeota meno hutafuna chochote. Kama ploti ina watoto wa mbwa, mimi ningeking'oa tu hicho kichaka, hata kama mwenye nyumba angeninunia.

Akila kitu unachokishuku, usimpe maziwa. Najua ndiyo dawa ya kwanza ya kila mtaa, maziwa na mayai mabichi, na nimeshaona mbwa wakisongwa nayo hadi kwenye mapafu. Usimpe maji ya chumvi pia, chumvi nyingi ni sumu yenyewe. Mfute mdomo, chukua chupa au tawi la mmea, chukua na matapishi kwenye mfuko wa plastiki, umlete haraka. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, na daktari yeyote aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya atajua pa kuanzia. Wa dukani kwenye dawa za ng'ombe si lazima awe daktari, hata akiwa na koti jeupe.

Na kupe, nisisahau. Nyasi ndefu za ukutani ni maskani yao, na hapa kwetu huambukiza maradhi ya damu yanayoanza kwa kukosa hamu ya chakula na kutapikatapika. Inua mdomo wa Bosco wa juu utazame ufizi. Ukiwa wa waridi, vizuri. Ukiwa mweupe kama karatasi, au mkojo wake ukiwa na rangi ya chai ya rangi, huyo ni wa leo, si wa kesho. Na tafadhali usimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe uliyokadiria mwenyewe. Mbwa hujilamba, na nimeshuhudia wanaokula nyasi kwa sababu dawa hiyo imewachafua tumbo.

Dalili nyingine za kukimbia: akibugia nyasi kwa pupa huku akilambalamba hewa na sakafu, tumbo likiwa limejaa kama ngoma, anajikamua na hakuna kinachotoka. Kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, hasa wale wa kulinda, hilo ni tumbo lililojipinda, na saa chache zinatosha kumwua. Bosco kwa umbo lake hayumo sana kwenye hatari hiyo, lakini anayesoma hapa akiwa na jibwa la kulinda la aina ya Boerboel nyumbani akariri hilo. Damu kwenye matapishi, kinyesi cheusi kama lami, kukataa chakula siku nzima, hayo hayana mjadala.

Nikuulize jambo moja: chanjo ya kichaa cha mbwa alipata mwaka huu? Mbwa anayebadilika ghafla, akala vijiti, mawe na udongo, akatokwa na mate na kubadili sauti, huyo usimtie mkono mdomoni kuangalia kilichokwama. Sisemi kwamba ndivyo alivyo Bosco. Nasema kadi yake iwe sawa. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa, na lengo hilo linategemea kadi kama ya Bosco.

Mzee wa nyumba anataka afungwe. Nadhani ni hasira ya matapishi mlangoni, naielewa. Ila mbwa aliyefungwa mchana kutwa huchoka kwa kukosa la kufanya, na mbwa wa namna hiyo hutafuna hata zaidi, kuanzia nyasi hadi viatu. Badala yake mtoe na kamba, dakika ishirini, mmepita mbali na ukuta. Jumapili mkiweza, Msitu wa Karura wanaruhusu mbwa wakiwa kwenye kamba. Mkitaka kumpa nyasi zake mwenyewe, chukueni karai lililotoboka, mlijaze udongo, mpande ngano au shayiri isiyopakwa dawa ya mbegu, na baada ya wiki moja hivi atakuwa na shamba lake. Kevo apewe kazi ya kumwagilia.

Wiki mbili zikiisha na povu bado lipo, niletee kinyesi chake kwenye mkebe safi wenye kifuniko. Kiwe cha asubuhi hiyohiyo, kilichookotwa juu juu bila mchanga, kijiko kimoja kinatosha. Kisikae juani kwenye matatu, kiweke chini ya kiti. Andika juu yake "Bosco" na saa uliyokiokota, maana wiki iliyopita nililetewa mikebe mitatu isiyo na majina, na mmoja ulikuwa na omena.